India na Pakistan: Siasa za Ndani Zinapokutana na Bomu la Nyuklia

Tarehe 9 Machi 2022 kombora la India aina ya BrahMos lilifyatuka kwa bahati mbaya, likavuka mpaka na kuanguka karibu na mji wa Mian Channu, Pakistan. Halikuwa na kilipuzi, wala halikuua mtu. Pakistan ililalamika, India ikaeleza masikitiko yake, na baadaye maofisa watatu wa jeshi lake la anga wakafukuzwa kazi. Yakaisha.

Sasa fikiria kombora hilohilo lingefyatuka Februari 2019. Tarehe 14 mwezi huo askari 40 wa India waliuawa Pulwama, Kashmir, na kundi la Jaish-e-Mohammed, lenye ngome yake Pakistan, likajitangaza kuhusika. Uchaguzi mkuu wa India ulikuwa unabisha hodi. Tarehe 26 ndege za India zikapiga Balakot, ndani ya Pakistan. Kesho yake Pakistan ikajibu, ikatungua ndege ya MiG-21 na kumkamata rubani. Katika taharuki hiyo, walinzi wa anga wa India waliitungua helikopta yao wenyewe huko Budgam, wakafa watu saba. Rubani aliachiwa, joto likapungua mpakani, lakini majukwaani ndiyo kwanza lilipanda. Waziri Mkuu wa India, Narendra Modi, aliwaomba vijana wanaopiga kura kwa mara ya kwanza waitoe kura hiyo kwa ajili ya mashujaa wa Balakot, na akiwa jimboni Rajasthan akauliza kama bomu la nyuklia la India limewekwa kwa ajili ya sikukuu ya Diwali. Chama chake kilizoa viti 303 kati ya 543. Baada ya maneno kama hayo, kiongozi atarudije nyuma safari ijayo?

Pakistan mambo ni tofauti kidogo: huko mwenye kauli ni jeshi. Waziri Mkuu Nawaz Sharif alitia saini Azimio la Lahore, la kupunguza hatari ya vita vya nyuklia, na mwenzake wa India, Vajpayee, Februari 1999. Miezi michache baadaye wanajeshi wake walikuwa wanapigana na India huko Kargil, Kashmir, na Oktoba Jenerali Musharraf akampindua. Mei 2023 wafuasi wa Imran Khan, waziri mkuu wa zamani, walivamia na kuchoma makazi ya kamanda wa jeshi mjini Lahore. Mei 2025, baada ya siku nne za mapigano na India, mitaa ya Pakistan ililishangilia jeshi hilohilo, na mkuu wake, Asim Munir, akapewa cheo cha field marshal, ambacho kabla yake alikuwa nacho Ayub Khan, mtawala wa kijeshi wa zamani, peke yake.

Hata hivyo, tangu 1992, kila Januari 1 nchi hizi hubadilishana orodha za vituo vyao vya nyuklia, ambavyo zimekubaliana kutovishambulia. Januari 2020, mwaka mmoja haujatimia tangu Balakot, orodha zilibadilishwa kama kawaida. Ni kazi ya maofisa, na hakuna mwanasiasa anayeiombea kura.