Kampuni haimkabidhi mgombea pesa: hukumu ya 2010 ilibadilisha nini

Nchini Marekani, wananchi wanaosimama kwenye vikao vya baraza la jiji kupinga pesa za makampuni mara nyingi husema hukumu ya Mahakama ya Juu iitwayo Citizens United, ya Januari 21, 2010, iliruhusu kampuni kumchangia mgombea. Sivyo. Sheria ya Tillman ya 1907 inaikataza kampuni kumchangia mgombea wa nafasi ya kitaifa, na katazo hilo bado lipo.

Kilichofunguliwa, kwa kura 5 dhidi ya 4 za majaji, ni matumizi huru: kampuni inaweza kulipia tangazo la kumpigia debe au kumponda mgombea, bila kikomo, mradi isipange naye. Mwanya uko hapo kwenye "kupanga". Timu ya mgombea huweka video zake hadharani mtandaoni, kundi la nje linazichukua na kuzitengenezea tangazo. Hakuna simu iliyopigwa.

Kwa hiyo azimio la baraza la jiji linalodai kupiga marufuku michango ya kampuni kwa wagombea linadai kitu ambacho tayari ni marufuku. Lidai mabadiliko ya Katiba, kama Los Angeles ilivyofanya Desemba 2011, ingawa azimio la jiji ni shinikizo tu: yanahitajika theluthi mbili za kura katika kila moja ya mabaraza mawili ya Bunge la Marekani, kisha majimbo 38 kati ya 50. Na liitaje pia hukumu ya Buckley ya 1976, iliyoondoa kikomo cha matumizi huru ya mtu binafsi. Ukiifuta ya 2010 peke yake, tajiri binafsi ataendelea kumwaga pesa atakavyo.