Kwa nini kijiko cha alumini kinaunguza mkono, na mwiko wa mbao hauunguzi?

Tumbukiza mwiko wa mbao na kijiko cha alumini ndani ya sufuria moja ya uji unaochemka, uviache dakika chache, kisha uvishike kwa juu. Kijiko utakiachia mara moja. Kwa mwiko utaendelea kukoroga. Vyote vimo katika uji ule ule wa karibu nyuzi 100 za Selsiasi, kwa hiyo tofauti haitoki jikoni. Imo ndani ya vitu vyenyewe.

Kitu kigumu kimeundwa kwa atomu zilizokaa kila moja mahali pake. Hazihami, lakini wala hazitulii: zinatetemeka papo hapo, na kadiri kitu kinavyopata moto ndivyo mtetemo unavyozidi. Atomu za upande wenye moto huzitikisa jirani zake, nazo hutikisa zinazofuata. Ni kama abiria waliobanana wima ndani ya daladala: akisukumwa wa nyuma, msukumo unafika mbele ingawa hakuna aliyetoka alipo. Joto likisafiri hivyo, kitu chenyewe kikibaki pale pale, huo ndio mpitisho.

Metali zina njia ya pili, tena ya haraka zaidi. Katika alumini, shaba au fedha, baadhi ya elektroni hazikufungwa na atomu yoyote. Zinazunguka ndani ya metali nzima, zinachota nishati penye moto na kuitua kwingine. Elektroni hizo hizo ndizo zinazobeba umeme. Mwaka 1853 wanasayansi wawili wa Ujerumani, Gustav Wiedemann na Rudolph Franz, walionyesha kwamba metali inayopitisha umeme vizuri hupitisha na joto vizuri, kwa uwiano unaokaribiana katika metali mbalimbali.

Mbao haina elektroni huru, na nyuzi zake zimejaa vijitundu vya hewa. Tazama vipimo vya kupitisha joto, kwa wati kwa mita kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi: shaba karibu 400, alumini karibu 240, chuma karibu 80, kioo karibu 1, mbao kati ya 0.1 na 0.2, hewa tulivu 0.025 tu. Yaani alumini inapitisha joto zaidi ya mara elfu moja kuliko mbao.

Lakini usidhani kwamba pasipo elektroni huru hakuna mpitisho wa maana. Almasi, kama zile za Mwadui kule Shinyanga, kwa kawaida haipitishi umeme, na bado inaizidi shaba kwa kupitisha joto takriban mara tano! Atomu zake za kaboni ni nyepesi na zimeshikana kwa nguvu mno, hivyo mtetemo unapita bila kukwama. Wauza vito wanaitumia sifa hii: wana kifaa kidogo chenye ncha ya moto, na wakiigusisha kwenye jiwe, almasi huvuta joto la ncha hiyo papo hapo. Kioo hakiwezi.

Mpitisho pia hutufanya tuvione vitu kuwa vya baridi au vya moto kuliko vilivyo. Asubuhi ya mwezi wa Julai huko Njombe, shika nondo na ubao vilivyolala nje pamoja. Nondo itakugandisha vidole, ingawa ukipima kwa kipimajoto utakuta vyote vina nyuzi zile zile. Ngozi ya mkono ina joto la nyuzi 30 na kitu. Chuma kinalinyakua na kulisambaza, ubao unalipokea polepole. Mkono unahisi kasi ya joto kuuhama, basi.

Kwa sababu hiyo, angalia sana kitambaa cha kuepulia sufuria. Kikiwa kikavu, kinachokukinga hasa ni hewa iliyonaswa kati ya nyuzi zake. Kikilowa, maji hukaa mahali pa hewa, na maji hupitisha joto zaidi ya mara 20 kuliko hewa. Joto la sufuria hufika vidoleni kabla hujapata pa kuitua, na wengi wamemwagikiwa na mchuzi wa moto kwa namna hiyo. Kitambaa ulichofutia meza, kiweke kando. Cha kuepulia kiwe kikavu kabisa.