Deki ya CD ya bei rahisi: wenye nazo wanasema hivi, ukweli uko hivi

Mi deki za CD nimekaa nazo miaka mingi, nimenunua mpya, nimenunua used, nimefungua za watu na zingine nimeziua mwenyewe kwa mikono yangu, na kitu nilichojifunza ni kwamba mtu akikwambia "deki yangu inaimba vibaya" au "hizi hazidumu kabisa" usimbishie, alichosikia kasikia kweli na kilichoharibika kimeharibika kweli, ila ile sababu anayokupa ndo mara nyingi siyo.

Tuanze na sauti maana hapo ndo ugomvi ulipo. Maneno ya kila siku ni kwamba deki ya laki mbili haiwezi kuimba kama ya milioni mbili. Mjomba wangu hapa Tanga aliniapia hivyohivyo, alibadilisha deki akaweka ya bei mbaya, akaniita nije nisikie, "sasa nasikia mpaka vidole vya mpiga ganuni vinavyogusa nyuzi." Sikumbishia. Nilimwomba tu tuunge deki zote mbili kwenye ampu moja, tukasawazisha sauti zilingane, binamu yangu akawa nyuma ya kabati anabadilisha waya bila mjomba kuona. Mara kumi. Mjomba akapatia mara tano, yaani sawasawa na kurusha shilingi. Alinuna mpaka magharibi.

Kilichotokea ni nini, ile deki ya bei ilikuwa inatoa umeme mwingi kidogo kwenye zile jeki nyekundu na nyeupe. Kawaida ya deki ya CD ni volti 2, lakini ziko zinazotoa 2.3, na tofauti hiyo ni kama desibeli 1.2 hivi (desibeli ndo kipimo cha ukubwa wa sauti). Ni kidogo, sikio halikwambii "hii ina sauti kubwa", linakwambia "hii iko wazi zaidi, besi imejaa". Hapo mtu anakwenda kuandika maoni yake kwamba deki ni nzuri ajabu, na hajadanganya, kadanganywa tu na sauti iliyozidi. Ukitaka kulinganisha deki mbili bila kwanza kusawazisha sauti basi unajisumbua.

Alafu kuna wazee wanaosema vya zamani ndo vilikuwa vinaimba kwa sababu vilikuwa ghali. Ghali kweli, Sony CDP-101 ilipotoka Japani tarehe 1 Oktoba 1982 bei yake ilikuwa yen 168,000, na humo ndani kulikuwa na kigeuzi kimoja tu cha kugeuza namba kuwa sauti, upande wa kulia na wa kushoto vinapokezana! Philips nao kwenye CD100 yao walitumia chipu ya biti 14 wakati CD yenyewe ni ya biti 16 (biti zikizidi ndo namba inakuwa sahihi zaidi), wakaziba pengo kwa ujanja wa kuzidisha mara nne sampuli, yaani vile vipimo vya sauti vinavyosomwa kila sekunde. Wakati ule kugeuza namba ilikuwa kazi ngumu ya gharama. Leo chipu ya dola chache inafanya kazi hiyo kwa usafi kuliko zote mbili, na ndo maana deki kama Yamaha CD-S300 au Onkyo C-7030 au zile Denon na Marantz za ngazi ya chini, ukizisikia kwenye mfumo mmoja, utahangaika sana kuzitofautisha na za juu yake. Pesa iliyozidi inakwenda kwenye bodi ya nje, trei isiyopiga kelele, rimoti nzito, na jeki ya hedifoni yenye nguvu. Hii ya mwisho siyo dhana, ni kweli, jeki ya hedifoni ya deki nyingi za bei rahisi ni dhaifu, ukiwa mtu wa hedifoni hapo lalamika una haki. Na kelele ya injini CD ikizunguka usiku kumetulia, hiyo nayo utaisikia.

Wengine wanakwambia CD yenyewe imepitwa, sampuli 44,100 kwa sekunde hazitoshi, mpaka upate hizi faili kubwa za kisasa. Mwaka 2007 Meyer na Moran walichapisha kwenye jarida la chama cha wahandisi wa sauti cha Marekani jaribio lao, walichukua diski za ubora mkubwa wakawa wanazipitisha kwenye kifaa kinachozishusha kuwa za kiwango cha CD, wasikilizaji kwa sauti ya kawaida hawakuweza kujua lini imeshushwa. Sikio la binadamu likiwa changa linafika hezi elfu 20 (mitetemo kwa sekunde), na CD inabeba mpaka hapo, na sisi wa umri huu hata hiyo hatuioni tena, kwa hiyo hela ya wasiwasi huo peleka kwenye spika. Spika ndo zinatofautiana kweli, tena kwa mbali.

Haya, kudumu. Dhana kubwa kuliko zote ni hii, "ikianza kuruka, lenzi imekufa." Ndo neno la kwanza la fundi na ndo neno la kwanza la mwenye deki. Kumbe nyingi nilizofungua lenzi ilikuwa nzima, ina vumbi tu na ukungu, kwetu huku pwani upepo wa bahari unaleta chumvi na unyevu na mtu kaacha deki kwenye kabati la wazi karibu na dirisha, we unategemea nini. Zingine grisi ya zile reli ambazo lenzi inapita imekauka imekuwa kama gundi, ndo maana deki inacheza nyimbo tano za mwanzo vizuri ikifika ya nane inaanza kusota. CD inasomwa kutoka ndani kwenda nje, kwa hiyo tatizo likianza sehemu ileile kwa kila CD, angalia njia kabla hujalaani lenzi. Pamba ya masikio, spiriti safi kidogo, gusa taratibu kama unafuta jicho la mtoto, subiri ikauke. Zile CD za kusafishia zenye vibrashi zinaondoa vumbi jepesi tu, grisi haziigusi.

Na tafadhali, mwangalie sana fundi anayechukua bisibisi akazungusha kale kaskrubu kadogo pembeni ya lenzi. Anaongeza nguvu ya leza. Deki itacheza hapohapo, utafurahi, utalipa, utaondoka, na leza inayosukumwa kupita kiasi haina maisha, ikifa unaambiwa "nilikwambia lenzi ilikuwa mbovu." Nimeshalipa hela hiyo mara mbili, sirudii.

Kuna hili nalo: deki inacheza CD orijino inakataa za kuchoma, mtu anasema deki ina maringo. CD iliyopigwa kiwandani inarudisha mwanga angalau asilimia 70, ya kuchoma inarudisha pungufu, na zile za kufuta na kuandika tena zinarudisha asilimia 15 mpaka 25 tu. Lenzi ikichafuka au leza ikianza kuzeeka zinazokataliwa kwanza ni hizo, orijino zinaendelea kucheza. Kwa hiyo ukiona dalili hiyo mapema shukuru, ni taarifa, safisha. Ila kama ni CD imejaa MP3 na deki ni ya zamani basi haina ugonjwa wowote, haijui tu lugha hiyo.

Mikwaruzo. Watu wanaogopa upande unaong'aa, ule wa juu wenye maandishi wanauweka kifudifudi mezani, wanauandikia kwa kalamu ya ncha kali. Ni kinyume! Upande wa chini una plastiki nene karibu milimita 1.2 kabla ya kufika kwenye data, na deki ina hesabu za kurekebisha makosa zinazoweza kuziba pengo la karibu milimita 2.5 kwenye mstari bila wewe kusikia kitu. Upande wa juu data imefunikwa na rangi nyembamba tu, ukikwaruza hapo umekwaruza wimbo wenyewe na hakuna dawa ya meno itakayourudisha. Kufuta pia, futa kutoka katikati kwenda nje, usizungushe, maana ukiacha mkwaruzo unaofuata duara umeharibu data ndefu ya mfululizo na hizo hesabu zinashindwa. (Na kupaka ukingo wa CD kalamu ya kijani ili iimbe vizuri, hilo lilivuma sana Ulaya na Marekani enzi zile, watu wazima wenye akili zao wakapaka. Basi tu.)

Sasa "za Japani zinadumu, za siku hizi takataka." Jamani. Deki ya mwaka 1988 unayoiona inacheza leo ni ile iliyopona, wenzake walishatupwa zamani hakuna anayewahesabu. Uzito nao sio ubora, ni transfoma na bati nene. Na ukiipenda ya used kutoka Japani geuza nyuma usome kabla hujatoa hela, za soko la kwao zimeandikwa 100V. Ukaichomeka kwenye 230 yetu moja kwa moja unasikia "tii" halafu harufu. Mimi niliuzwa moja hivyo, muuzaji aliniambia nenda nayo salama, na nilifika nayo salama kweli, ilifia ukutani. Inataka transfoma ya kushusha umeme, na hiyo bei yake ihesabu kwenye bei ya deki.

Ukisoma maoni ya wenye deki angalia yameandikwa lini. Nyota tano nyingi ni za wiki ya kwanza, mtu bado ana harufu ya boksi puani. Nyota moja ni za siku ilipogoma. Yule ambaye deki yake inacheza mwaka wa sita bila shida hana habari na wewe, yuko nyumbani anasikiliza. Mi nasoma zile za katikati, nyota tatu, hao ndo wanaokwambia trei inalia au rimoti haifiki.

Na kama huna hela ya deki ya CD kabisa usione aibu na DVD ya zamani iliyo kabatini. Ile dhana kwamba DVD haiwezi kucheza CD vizuri ina mzizi wake, DVD za mwanzo kabisa baadhi zilikuwa na leza ya nanomita 650 pekee (huo ni urefu wa wimbi la mwanga wake) na CD za kuchoma zinataka 780, zikawa zinazikataa. Baadae wakaweka zote mbili. Kero yake ni kwamba nyingi zinataka uwashe TV ndo uchague wimbo, ila sauti inayotoka haina kosa.

Mwezi uliopita jirani kaniletea deki yake trei haifunguki, alishaambiwa "motherbodi imekufa, nunua nyingine." Nikaifungua, kimkanda cha raba kinachovuta trei kimelegea kimekuwa kama tambi. Nikakichemsha maji ya moto dakika chache kikajikaza kidogo, nikakirudisha, trei ikatoka. Ndani kulikuwa na CD ya harusi yake. Hiyo njia ya maji ya moto haikai sana, nimemwagiza mkanda mpya, na mjomba kasikia habari hiyo naye kaniletea ile deki yake ya bei mbaya, anasema ikifika nyimbo ya nane inaanza kuruka.