Leza kuingia kwenye faiba: mnayodanganywa ni haya

La kwanza, eti ukitaka kuingiza leza kwenye faiba, ule uzi wa kioo unaobeba mwanga, tafuta lenzi kali, ukipata kidoa kidogo kabisa umemaliza kazi. Wapi! Singo modi ya kawaida (faiba ya kiini chembamba, mwanga unapita kwa njia moja tu), hii ya kiwango cha G.652, kiini chake, pale katikati mwanga unapopita, ni kama maikroni 9 (maikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), na ukitumia mwanga wa nanomita 1550, ule usioonekana kwa macho, unaosafiri ndani yake unajaza upana wa kama maikroni 10.4. Ukikibana kidoa kikawa kidogo kuliko hapo, miali inaingia imelala kwa pembe kubwa mno, faiba haiishiki, inavujia kwenye ganda la kioo linalozunguka kiini basi. Vinatakiwa vilingane vyote viwili, upana na pembe. Halafu kidoa kikikosa katikati ya kiini kwa maikroni 2.6 tu, hapo kila kitu kingine kiko sawa, unabaki na kama 78%, ukikosea 5.2 umebaki na 37%, na unywele wa kichwani una unene wa maikroni kama 70, sasa piga picha mtu anayeshikilia kwa mkono.

"Ongeza wati tu." Hii ndo inanichosha. Kuna dayodi za leza zina wati kibao lakini mdomo wake una upana wa kama maikroni 100, na hakuna lenzi itakayoubana mwanga huo wote uingie singo modi, maana ukipunguza upana pembe inakua, haukwepi. Hizo zipeleke kwenye malti modi (faiba ya kiini kipana) ya kiini cha maikroni 105, zitaingia vizuri tu. Ndo maana pia singo kwenda malti inapita bila shida ila malti ya 50 kurudi singo unaweza kupoteza desibeli 15 na zaidi, yaani unabaki na kama 3% ya mwanga au chini.

Konekta ya kijani nayo (APC, kichwa cha faiba chenye uso wa mshazari), wengi wanadhani ule mkato wa digrii 8 unasaidia mwanga kuingia. Hapana, unaitupa pembeni ile akisi, mwanga unaodunda kwenye uso wa konekta, isirudi kuisumbua leza. Ukiichomeka na ya bluu, ambayo haina mkato huo, nyuso hazikutani vizuri, hasara tupu.

Na mafundi wenzangu, ile taa nyekundu ya kupimia laini kutokea upande wa pili haimaanishi laini ni nzima, kona kali inaweza kuupitisha mwekundu vizuri na bado ikaila 1550. Hata maabara ukishapanga lenzi kwa nyekundu ukabadilisha kwenda 1550, fokasi imeshahama, inabidi uanze kuzungusha skrubu tena ukiangalia pawamita, kile kipima nguvu ya mwanga.