Namba kwenye Lebo: Tunavyosoma Historia ya Muziki wa Kantri

Ukipata santuri ya kampuni ya Columbia ya Marekani ya miaka ya 1920, kabla hujaipiga tazama namba iliyo kwenye lebo. Ikiwa ni elfu kumi na nne na kitu, kampuni iliitoa kwa ajili ya wateja weusi. Ikiwa ni elfu kumi na tano na kitu, iliwalenga Wazungu wa Kusini mwa Marekani, hasa wa mashambani na milimani. Kampuni ya OKeh nayo ilikuwa na mpango wake: 8000 kwa weusi, 45000 kwa Wazungu. Fungu hilo la pili, ambalo wafanyabiashara walilizoea kwa jina la "hillbilly", ndilo lililokuja kuitwa muziki wa kantri.

Naanza na namba kwa sababu wengi wanaoniuliza kuhusu kazi yangu hudhani mwanahistoria wa kantri hukusanya visa vya waimbaji: nani alilewa, nani aliachwa na mke, nani alifia safarini. Visa hivyo vipo, na navipenda. Lakini siku zetu nyingi huishia kwenye makaratasi: daftari za studio, katalogi za kampuni, mikataba ya haki za utunzi, ratiba za redio. Na kadiri unavyoyasoma ndivyo unavyozidi kuona kwamba ukuta kati ya kantri na muziki wa watu weusi ulijengwa ofisini. Wapigaji wenyewe walikuwa wakiuvuka kila siku.

Chukua kisa cha Allen Brothers, ndugu wawili Wazungu waliojulikana sana Chattanooga, Tennessee. Walipenda bluzi, muziki wa watu weusi wa Marekani, na walizipiga barabara. Columbia walipotoa santuri yao ya "Chattanooga Blues", waliiweka kwenye fungu la elfu kumi na nne, la weusi. Ndugu hao wakaghadhibika, wakatishia kuishtaki kampuni, kisha wakahamia kampuni ya Victor. Upande wa pili kuna Mississippi Sheiks, kundi la watu weusi waliopiga fidla na gitaa, ambao baadhi ya santuri zao OKeh walizitoa kwenye fungu la Wazungu. Wimbo wao "Sitting on Top of the World" wa 1930 umepigwa na Bob Wills, umepigwa na Bill Monroe, wote Wazungu wa kantri, na leo hakuna bendi ya blugrasi, tawi la kantri la ala za nyuzi, isiyoujua. Sikio la mfanyakazi wa kampuni lilishindwa kutofautisha, na lilishindwa kwa sababu tofauti yenyewe haikuwa kwenye sauti.

Hata Jimmie Rodgers, anayeitwa baba wa kantri, hapati nafasi ukitaka muziki "safi". Alizaliwa Mississippi mwaka 1897, akafanya kazi relini kama baba yake, na nyimbo zilizompa jina zilikuwa bluzi zilizochanganywa na yodeli, yaani uimbaji wa kurusha sauti juu na chini ghafla. Tarehe 16 Julai 1930, kule Hollywood, alirekodi "Blue Yodel No. 9". Tarumbeta unayoisikia humo ni ya Louis Armstrong, nyota mweusi wa jazi, na kwenye piano ni mkewe, Lil Hardin. Kwenye lebo liliandikwa jina la Rodgers peke yake. Usikilize wimbo huo ukiwa na dakika tatu za utulivu. Armstrong hamsindikizi kama mgeni. Anamjibu mstari kwa mstari, kama watu waliozoeana.

Nani aliyeanza kuyachimba haya? Vyuo vikuu vilichelewa sana. Kwa miaka mingi wasomi wa sanaa za masimulizi walizitaka nyimbo za kale kutoka midomoni mwa wazee, na santuri waliiona kuwa bidhaa ya dukani isiyo na hadhi. Waliojali walikuwa wakusanyaji. Mmoja wao, John Edwards, alikuwa kijana wa Sydney, Australia. Hakuwahi kufika Marekani, lakini alikusanya santuri na kuwaandikia barua wanamuziki wakongwe waliokuwa wamesahauliwa nyumbani kwao, akiwauliza nani alipiga nini, na lini. Alifariki kwa ajali ya gari mwaka 1960 akiwa na miaka 28. Hazina yake ilivushwa bahari hadi California, na mwaka 1962 ukaanzishwa mfuko wa kumbukumbu wenye jina lake, ukawekwa katika chuo kikuu cha UCLA. Leo mkusanyo huo uko Chapel Hill, North Carolina. Namheshimu sana kijana huyu. Sehemu kubwa ya tunachokisema kwa uhakika leo inasimama juu ya maswali ya namna aliyoyauliza kwa barua.

Miongoni mwa waanzilishi wa mfuko huo alikuwemo Archie Green, fundi wa kuunda meli wa San Francisco na mwanachama imara wa chama cha wafanyakazi, aliyegeuka msomi. Mwaka 1965 jarida la wanazuoni wa sanaa za jadi wa Marekani lilitoa toleo zima kuhusu muziki huu, na makala ya Green humo bado tunawapa wanafunzi wasome. Mwaka huohuo Bill Malone alikamilisha tasnifu yake ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Texas, ikatoka kama kitabu mwaka 1968. Malone alikuwa mtoto wa mkulima wa mashariki ya Texas aliyelima ardhi ya kukodi, na alikuwa akiimba nyimbo hizi kwenye baa za Austin huku akisoma. Kwake kantri ilikuwa sauti ya Wazungu maskini wa Kusini. Hakukosea kuhusu umaskini. Ila waliokuja baada yake, kama Karl Hagstrom Miller na Diane Pecknold, wameonyesha vizuri jinsi biashara na ubaguzi vilivyoamua nani ahesabiwe ndani na nani aachwe nje.

Sasa twende Bristol, maana hapo ndipo kila mtu hupeleka hadithi hii. Bristol ni mji uliokaa juu ya mpaka: katikati ya barabara ya State Street, upande huu ni Tennessee, upande ule ni Virginia. Kuanzia 25 Julai hadi 5 Agosti 1927, Ralph Peer wa kampuni ya Victor alifunga mitambo yake katika jengo lililokuwa la kampuni ya kofia, akarekodi nyimbo 76. Carter Family, kundi la familia ya Wazungu lililokuwa na A. P. Carter na Maybelle, walirekodi hapo. Rodgers alirekodi hapo. Wengine wamefika kupaita mahali kantri ilipozaliwa. Mimi nakuomba utazame orodha nzima ya wiki hizo mbili. Humo yumo El Watson, mpiga kinanda cha mdomo, mtu mweusi, akipiga pamoja na Johnson Brothers, ambao ni Wazungu. Walisaidiana kwenye rekodi za kila upande, katika Kusini ile ambayo sheria iliwatenganisha hadi kwenye viti vya treni.

Peer alikuwa na hesabu zake. Wimbo wa zamani usio na mwenyewe haumletei mtu mrabaha, kwa hiyo aliwataka wanamuziki wake wamletee nyimbo zinazoweza kuandikishwa kwa jina la mtunzi. A. P. Carter akaingia vijijini kuzitafuta, nyumba kwa nyumba. Mwaka 1928 akakutana na Lesley Riddle wa Kingsport, Tennessee, mpiga gitaa mweusi aliyekuwa amepoteza sehemu ya mguu katika ajali ya kiwanda cha saruji, na vidole viwili vya mkono wa kulia kwa risasi. Wakawa wanasafiri pamoja. Carter aliandika maneno, Riddle alishika tuni kichwani, kisha wakirudi nyumbani anawapigia Carter Family hadi waikamate. Maybelle, ambaye upigaji wake wa gitaa umeigwa duniani kote, alijifunza kutoka kwake.

Ukifungua mikataba ya nyimbo hizo utasoma jina la A. P. Carter. Jina la Riddle halimo. Tungebaki na karatasi tu, tungeapa kwamba hakuwahi kuwepo. Kilichomwokoa ni kwamba Mike Seeger, mwanamuziki na mkusanyaji wa nyimbo za jadi, alimsikia Maybelle akimtaja, akamtafuta, akampata mwaka 1965 akiishi Rochester, New York, na akamrekodi. Ndiyo maana nawasisitizia wanafunzi wangu kwamba baada ya kusoma kila hati watoke wakaongee na watu. Mkataba umeandikwa na mwenye faida.

DeFord Bailey, mwanamuziki mweusi, hakufichwa namna hiyo, alisikika waziwazi. Kinanda chake cha mdomo kilikuwa mojawapo ya sauti kuu za Grand Ole Opry, kipindi maarufu cha kantri kwenye redio ya WSM, Nashville, tangu miaka ya mwanzo ya kipindi hicho. Mwaka 1941 akaachishwa, akaishi kwa kung'arisha viatu mjini humohumo. Waliingiza jina lake kwenye Jumba la Heshima la Kantri mwaka 2005. Alikuwa amefariki tangu 1982.

Wasomaji wa Kenya mna sehemu yenu katika hadithi hii, na ni kubwa kuliko mnavyodhani. Mwaka 1950 Hugh Tracey, mtafiti wa muziki wa Afrika, alirekodi nyimbo za Kipsigis kuhusu kiumbe anayeitwa Chemirocha. Jina hilo ni Jimmie Rodgers, aliyekuwa ameshafariki miaka 17 nyuma kwa kifua kikuu. Santuri zake zilikuwa zimefika Bonde la Ufa na gramafoni. Katika wimbo ulioongozwa na Chemutoi Ketienya, wasichana wanaimba kwa sauti za juu huku uzi wa chepkong, kinubi cha Wakipsigis, ukidunda chini yao. Tracey aliandika kwamba Chemirocha wao ni nusu mtu nusu swala, na wanamhimiza acheze hadi nguo zimvuke. Rekodi hizo zimetunzwa katika maktaba ya muziki wa Afrika aliyoianzisha Tracey, sasa katika Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika Kusini, na katika miaka ya 2010 nakala zilirudishwa kwa Wakipsigis.

Maelezo ya Tracey yananukuliwa kila mahali, na hapo ndipo ningependa mtafiti kijana aanze. Maelezo hayo ni hati pia, iliyoandikwa na mgeni aliyekuwa na haraka ya kurekodi. Mtu anayekijua Kikipsigis kwa undani ayasikilize maneno upya, mstari kwa mstari, akae na familia za waimbaji, aulize gramafoni ilikuwa kwa nani, santuri zilinunuliwa duka gani, watu walikaa wapi kuzisikiliza na nyimbo gani walizirudia. Kutoka hapo ahamie kwenye redio, kwa watangazaji waliopiga nyimbo za Jim Reeves, mwimbaji wa kantri wa Marekani, kisha kwa Sir Elvis Otieno, mwimbaji wa kantri wa Kenya, na mashabiki wanaojaza maonyesho yake wakiwa na kofia na buti za wachunga ng'ombe. Waulizwe walizisikia wapi mara ya kwanza na nani aliyewafundisha, na majina hayo yaandikwe yote.