Jamii ya mwani mdogo wa pwani: nini kinaamua aina gani iote wapi

Ukipita Daraja la Salenda, Dar es Salaam, maji yakiwa yamekupwa, tazama tope la upande wa mikoko, pale mto Msimbazi unapoingia baharini. Mahali pengine tope hilo lina rangi ya kahawia inayokaribia dhahabu. Wengi huidhani uchafu, kumbe ni mwani mdogo: viumbe wa seli moja moja, hasa diatomu, wanaojitengenezea chakula kwa mwanga wa jua.

Jamii ya mwani mdogo ni mkusanyiko wa aina zilizopo mahali fulani kwa wakati fulani, pamoja na wingi wa kila aina. Kuna wanaoelea majini na kuna wanaoishi juu ya tope na mchanga. Wale wa majini ndio huzungumzwa zaidi, nadhani kwa sababu kujaza chupa maji ni rahisi kuliko kuchota tabaka jembamba la tope bila kulivuruga. Lakini kwa pwani kama yetu, ambako bamvua (siku za kujaa na kupwa kukubwa) hupandisha na kushusha maji kwa zaidi ya mita 3, kuwasahau wa chini ni kukosa sehemu kubwa ya habari.

Hao wa chini hutawaliwa kwanza na ukubwa wa chembe wanazokalia. Coco Beach mawimbi huviringisha mchanga kila wakati, kwa hiyo wanaodumu ni wadogo walioshikamana na punje zenyewe, ndani ya vishimo vyake. Kwenye tope tulivu la mikoko, kama kule Mtoni Kijichi, hustawi wenye uwezo wa kutambaa kwa kutoa ute. Mwanga hupenya tope kwa milimita chache tu, hivyo kutambaa ni suala la uhai. Mchana maji yakipwa hupanda juu, na kabla hayajajaa huzama tena. Ukiwaweka maabara kwenye chombo kisicho na kupwa wala kujaa, huendelea na mwendo huohuo kwa siku kadhaa. Siku za bamvua hapa Dar maji hufika chini kabisa kwenye saa nne asubuhi hivi, jua likiwa tayari kali. Likizidi, hujificha kidogo chini ya uso wa tope. Ute wao nao hugandisha tope lisichukuliwe ovyo na maji. Konokono na kaa huwala, na hilo pia hupunguza aina fulani na kuachia nyingine nafasi.

Majini mambo hugeuka na misimu. Masika, Msimbazi, Kizinga, Mbezi na Tegeta humwaga baharini udongo, maji yasiyo na chumvi na virutubisho. Chumvi, ambayo kwa kawaida ni karibu gramu 35 kwa kilo ya maji ya bahari, hushuka karibu na midomo ya mito, na aina zisizovumilia hupotea. Mtu angetegemea mwani ufumuke papo hapo kwa wingi wa virutubisho, lakini maji yakiwa ya matope mwanga haupiti. Mara nyingi mwani huongezeka baadaye, maji yanapoanza kutakata.

Aina ya virutubisho nayo ina uzito wake. Diatomu hujenga ganda la silika, madini yaleyale ya kioo, na silika hutoka hasa kwenye miamba na udongo, ikiletwa na mito. Majitaka ya mji yana nitrojeni na fosforasi nyingi ila silika kidogo. Yakizidi, diatomu hukwama kwa kukosa silika, na nafasi yao huchukuliwa na wengine, wakiwemo dinoflajelata, viumbe wa seli moja wanaoogelea kwa vimkia, ambao baadhi yao wana sumu. Kwa hiyo kupima wingi wa mwani peke yake hakutoshi; lazima kujua ni aina gani.

Kuna kisa kimoja kinachochanganya watu. Wakati wa kaskazi, bahari ikiwa shwari na ya joto, huweza kutokea utando wa kahawia unaoelea kama vumbi la mbao, hata mbali na mito, huko nje ya kisiwa cha Mbudya. Huo huwa ni Trichodesmium, sianobakteria (bakteria anayetumia mwanga wa jua kama mwani) anayechukua nitrojeni ya hewa iliyoyeyuka majini na kuigeuza chakula. Yeye husitawi penye uhaba wa nitrojeni, kwa hiyo utando wake hauwezi kuchukuliwa moja kwa moja kuwa ushahidi wa majitaka. Kusi ikianza kuvuma na kuyakoroga maji, utando hutawanyika.