Wakili wa kodi siyo fundi wa kukwepa kodi

Jumamosi iliyopita kwenye kikao cha harusi mwenyekiti kaniuliza nafanya kazi gani, nikamjibu wakili, mambo ya kodi. Watu karibu wote kwa pamoja: "Ahaa, nyie ndo mnaowafundisha matajiri kukwepa!" Nimeisikia hii tangu nikiwa mwanasheria wa serikali, yaani mimi mwenyewe ndo naidai kodi, mpaka leo niko upande wa mlipakodi. Safari hii nimechoka, ngoja niandike.

Kukwepa ni hivi. Duka limesajiliwa VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, linauza friji 590,000. Humo ndani 500,000 ni bei ya friji na 90,000 ni VAT ya asilimia 18. Mwenye duka anakutolea risiti ya EFD, ile mashine inayotuma mauzo serikalini, ya 59,000, serikali inaona VAT ya 9,000 na 81,000 inabaki kwenye droo. Hiyo 81,000 haijawahi kuwa yake hata dakika moja, umempa wewe aifikishe. Huo ni wizi, na sijawahi kumshauri mtu hivo.

Kupunguza kodi kihalali ni jambo lingine kabisa. Umenunua mashine ya kusaga, sheria inakuruhusu utoe uchakavu, yaani thamani inayopungua kadri mashine inavyotumika, kabla hujapiga hesabu ya faida. Mwaka jana umekula hasara, unaibeba mbele. Bunge ndo limeandika hivo, anayeitumia hajaiba.

Shida iko katikati, na vitabu hapo vinapita mbio. Mtu ana biashara moja, anaigawa mbili, moja kwa jina la mkewe, ili mauzo ya kila moja yabaki chini ya milioni 200 kwa mwaka asiingie kwenye VAT. Karatasi zote safi. Sheria inampa Kamishna Mkuu wa TRA, mamlaka ya mapato, nguvu ya kuufumua mpango kama lengo lake ni kukimbia kodi, sawa, lakini je kama mke kweli anafungua duka lake saa moja asubuhi, ana wateja wake, ana madeni yake? Kuna mafaili nimeyasoma mara tatu na mpaka leo sijui ningeamua vipi kama ningekuwa mjumbe wa Bodi ya Rufani za Kodi. Anayekwambia mstari uko wazi hajawahi kushika faili la namna hiyo.

Haya, makadirio, yaani hesabu ya kodi ambayo TRA inakuandikia kuwa unadaiwa. Watu wanaamini ukishaandika pingamizi basi hulipi kitu mpaka kesi iishe, na hii imani inawaumiza watu vibaya sana. Alinijia mama mmoja anauza vitenge Kariakoo, siku ya 27, na pingamizi linatakiwa ndani ya siku 30 tangu upokee makadirio. Kakadiriwa milioni 48, yeye anakubali 12. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya 2015 inasema ili pingamizi lipokelewe ulipe kiasi usichobishania au theluthi ya makadirio, kile kilicho kikubwa. Theluthi ya 48 ni 16, kwa hiyo ni 16, siyo 12. Kaishiwa nguvu palepale kwenye kiti. Nikamwambia mama, unaruhusiwa kumwomba Kamishna upunguziwe au usamehewe hiyo amana, yaani hela ya kutanguliza, ukiwa na sababu za msingi, tukaiandika barua usiku uleule.

Tofauti ya 48 na 12 ilitoka benki. Mama ni mweka hazina wa kikoba, hela za wenzake zinapita kwenye akaunti yake, na hela ikiingia akaunti ya biashara bila maelezo inasomeka kama mauzo. Mzigo wa kuthibitisha kuwa makadirio yamezidi ni wa mlipakodi, hilo watu hawalijui kabisa. Tukamwomba daftari la kikoba. Kaunta buku limelowa mafuta kwenye jalada, kila Jumapili majina, hisa, tiki ya kalamu nyekundu, na kwa wasiojua kusaini kuna dole gumba la wino wa bluu. Tukalinganisha mstari kwa mstari na taarifa ya benki, siku nne nzima, kila Jumapili ya daftari ina Jumatatu yake benki. Makadirio yakashuka hadi milioni 19, akalipa zote. Hapo hakuna aliyekwepa. Ibara ya 138 ya Katiba inasema kodi haitozwi ila kwa mujibu wa sheria, na hiyo 19 ndiyo sheria ilikuwa inaidai, basi.

Ila hiyo theluthi inanisumbua. Nikiwa serikalini niliitetea kwa moyo wote, maana bila hiyo kila mtu angepinga ili kununua muda na mishahara ya walimu ingesubiri. Leo nimeshaona watu wenye hoja nzuri ambao hiyo hela hawana. Yote mawili ni kweli, na jibu sijalipata.

Ndo maana nakaa kwenye TLS, chama cha mawakili wa Tanzania Bara, kwa wale wanaoniambia ni siasa tupu. Kwanza kwa wakili wa Bara uanachama siyo hiari. Pili sheria ya chama, ya tangu 1954, inatupa wajibu wa kuisaidia serikali na mahakama kwenye utungaji wa sheria, na kuwasaidia wananchi pia. Muswada wa Sheria ya Fedha unasomwa Juni, Julai 1 unaanza kutumika, katikati hapo tunakesha. Neno "na" likikaa pale palipotakiwa "au", mtu anayestahili msamaha anaukosa. Na lipo la kukiri: mimi huyohuyo nina wateja ambao kifungu hichohicho kinawagusa. Huwa nalisema mwanzoni mwa kikao na sipigi kura, lakini sina hakika kama hiyo inatosha.

Mwaka huu nimependekeza mfanyabiashara mdogo aweze kulipa theluthi kwa awamu, iwe haki yake, siyo ombi. Kwa sasa, ukipokea makadirio, andika tarehe uliyoyapokea juu ya bahasha siku ileile, halafu anza kuhesabu 30.